Kazi ya hifadhi ya bahari bila digrii

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuajiriwa hifadhi ya bahari bila digrii ya baiolojia. Inawezekana, ila jiandae kuongea na watu kuliko kuzamia. Chukua Mafia, hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, iliyoanzishwa 1995. Vijiji vimo humo humo ndani, kwa hiyo nusu ya kazi ni kukaa chini ya mwembe na mvuvi aliyenyang'anywa juya, wavu wa kukokota, naye anakuuliza, "Sasa watoto wangu wale matumbawe?" Darasani hilo hulikuti.

Ukipenda cheti, chuo cha FETA cha Mbegani, Bagamoyo, kinafundisha mambo ya uvuvi. Ukitaka utafiti, nenda Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Lakini usingoje barua ya ajira: jiunge na BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, ya kijijini kwenu, au jitolee kulinda viota vya kasa. Unaamka alfajiri, unafuata alama za mapezi ya kasa mchangani, unaandika tarehe, kisha unahesabu siku 60 hivi mpaka vitoto vitoke.

Na kuogelea ujifunze, tafadhali. Utashangaa wangapi wanaomba kazi hii hawajui.