"Notaire" wa Kinshasa si notary wa Louisville

SWALI: Mimi ni mama kutoka Uvira, sasa naishi Louisville, Kentucky. Niliingia Marekani kama mkimbizi. Kuna baba anayesema Kiswahili chetu vizuri, na mlangoni ameandika "notary". Nilimlipa dola 900 anijazie fomu ya grini kadi. Sasa anataka kadi za zawadi za dola 500, eti ndiyo ada ya serikali. Nifanyeje?

JIBU: Mama yangu, hizo dola 500 usizitoe. Mimi ni mwakilishi wa uhamiaji niliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, na mitego ya namna hii naijua vizuri.

Kosa si lako. Kongo "notaire" ni mtu mkubwa wa sheria. Akigonga mhuri, hati imekamilika. Hapa Marekani notary hushuhudia sahihi tu. Haruhusiwi kukushauri juu ya uhamiaji. Mwenye ruhusa hiyo ni wakili aliyesajiliwa, au mwakilishi aliyeidhinishwa kama mimi, na majina yetu yako kwenye orodha ya wizara, yeyote anaweza kuyatazama. Neno ni moja, kazi ni mbili, na tapeli anakula katikati yake. Tena anakusemesha Kiswahili cha nyumbani, moyo unalegea.

Kuhusu ada: mkimbizi anayeomba grini kadi kwa fomu I-485 halipi ada ya kuiwasilisha. Na hata pale ada inapokuwepo, USCIS, idara ya serikali inayoshughulikia maombi ya uhamiaji, haipokei kadi za zawadi. Ukimsomea mtu zile namba za nyuma ya kadi, zilizofichwa chini ya utepe wa kukwangua, umemkabidhi pesa taslimu.

Sasa fungua nakala ya fomu yako, kurasa za mwisho. Kuna sehemu ya aliyekujazia: jina lake, anwani, sahihi. Kama ameiacha wazi ilhali amekutoza, amejificha. Kisha mwombe barua ya mapokezi, I-797C. Ina namba ya herufi 3 na tarakimu 10. Iingize kwenye uscis.gov, palipo na hali ya maombi. Kama hana barua hiyo, au namba haitambuliki, huenda fomu haijawahi kutumwa. Njoo na karatasi zako zote kwa wakili au shirika lililoidhinishwa wiki hiihii, maana uongo ulioandikwa ndani ya fomu unahesabiwa kwa jina lako wewe uliyetia sahihi.

Kama kadi ulishanunua, tunza kadi na risiti, upigie kampuni iliyoitoa sasa hivi. Pengine pesa bado zimo.

Kuripoti: piga FTC (tume ya serikali kuu inayolinda wateja dhidi ya utapeli), 877-382-4357, ubonyeze 3, useme "Swahili" ili wakutafutie mkalimani. Ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kwa saa za mashariki. Huna haja ya kuwaeleza hali yako ya uhamiaji. FTC haitakurudishia dola 900 kwa kesi yako peke yako, ila taarifa yako inaingia mahali ambapo polisi na waendesha mashtaka wa majimbo wanaisoma. Ripoti pia kwa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Kentucky. Peleka jina, namba ya simu, risiti, na jumbe zozote za sauti za WhatsApp alizokutumia. Usizifute, hata kama zinakuumiza kuzisikia.