Kabla Hujashika Fagio: Ni Nyigu Gani Huyo?

Nyuma ya pazia la sebuleni nimekuta donge la tope kavu. Nilipolibomoa walimwagika buibui wengi, hawatembei wala hawajaoza. Ni nini?

Ni nyumba ya nyigu wa tope, yule mweusi mwenye kiuno chembamba kama uzi na miguu yenye manjano. Jike hujenga peke yake. Huchota tope penye majimaji, mara nyingi pale bombani mnapofulia, akalibeba kidonge kimoja kimoja mdomoni. Hujenga vyumba virefu kama mirija, kisha huvikandika vyote kwa tope. Kila chumba hukijaza buibui aliowachoma mwiba wakapooza. Hawaozi upesi kwa kuwa wengi wangali hai. Hutaga yai moja juu ya mmojawapo, akaziba. Buu akianguliwa, chakula kipo. Ukiona donge lina matundu ya duara, watoto wameshatoka, likwangue tu.

Kwangu ni kijungu kidogo ukutani, chenye mdomo kama wa mtungi.

Huyo ni nyigu mfinyanzi, na mimi namwonea huruma anapobomolewa. Ndani huweka viwavi, na yai hulining'iniza darini kwa kijiuzi. Kama una bustani ya mboga, mwache.

Tundu la kitasa limezibwa, ufunguo hauingii.

Tazama kizibo. Tope ni nyigu; vipande vya majani vilivyokatwa kwa mviringo ni nyuki mkata majani, naye pia huishi peke yake. Kichokoe taratibu kwa waya. Ila mirija ya mashine usiipuuze: mwaka 1996 ndege ya shirika la Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata, mji wa Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 wakafa, na wachunguzi walishuku kwamba mrija wa kupimia mwendo uliziba kwa tope la nyigu. Bomba la moshi la jenereta iliyokaa muda mrefu likague kwanza.

Watoto wangu wataumwa?

Nyigu wa peke yake halindi nyumba yake. Jike ana mwiba, lakini huuma akishikwa au akikandamizwa. Wa kuogopwa ni wale wenye kiota kama karatasi ya kijivu, vyumba wazi vikitazama chini, kimening'inia kwenye kenchi kwa kikonyo, na nyigu kadhaa wamekaa juu yake. Hao hulinda kwa pamoja. Watoto wasikirushie mawe. Aliyeumwa akivimba midomo au akipumua kwa shida, mkimbizeni hospitali papo hapo.