Mtu wa depo akisema mahindi yako ni maji, shika kalamu

Juzi kijana mmoja wa Likasi ameniandikia WhatsApp: "Mama, mvua inakataa kukatika. Mahindi yangu yamekomaa lakini yamelowa. Kuna mtu wa depo anataka kubeba yote wiki hii, pesa mkononi. Niuze ao ningoje?"

Nikamjibu: usiuze yote. Akanirudishia alama ya kuuliza, moja tu, bila neno. Nimeona nijibu hapa kwa urefu, maana najua si yeye peke yake. Wengi mnaonisoma mnataka kile ninachokitaka mimi: hekta zako mbili tatu nje ya mji, depo, yaani ghala la kununua na kuuza mahindi na unga, yenye jina lako mlangoni, na siku moja lori lako mwenyewe linaloingia Lubumbashi asubuhi.

Shamba langu liko njia ya Kasenga. Mambo ya kulima na kupalilia nayaruka, hayo mnayajua. Mwaka ninaotaka kuwasimulia, mvua haikupungua mwisho wa Machi kama tulivyozoea. Aprili nzima ilinyesha, karibu kila alasiri. Ulikuwa ukivunja suke na kufungua maganda, maji yaliyojikusanya kitakoni yanakutiririkia hadi kwenye kiwiko. Punje za chini zilikuwa zimeshaota, vichipukizi vyeupe vinachungulia katikati ya mistari, na suke moja moja lilikuwa na ukungu wa rangi ya waridi. Bua likianguka, mchwa wamelimaliza kabla hujalirudia. Wezi nao walijua kwamba mahindi yetu yatalala shambani muda mrefu kuliko kawaida.

Na mimi nilikuwa na deni. Mbolea, NPK na urea, niliichukua kwa pesa ya Bank Lambert. Kwa wasio wa Kongo: hiyo si benki, ni mtu wa mtaani anayekupa 100 na kungoja 150. Mtu wa namna hiyo umweleze habari za mvua, atakutazama tu.

Kwa hiyo nilivuna na unyevu wake, nikapukuchua na unyevu wake, punje zikavunjika ovyo, nikalipa lori lililokwama kwenye tope mpaka dereva akaniongezea bei ya kwa nguvu, nikafika kwenye depo moja mjini. Jina lake silitaji. Bwana mwenyewe alichota kikombe cha mahindi, akakimimina ndani ya kimashine, akanionyesha namba: 20. "Mama, hapa asilimia 20 ni maji. Nakata kilo 20 kwenye kila kilo 100." Alisema kwa upole, kama mganga anayekupa majibu ya vipimo. Watu wawili nyuma yangu kwenye foleni walitikisa kichwa. Namba ni namba, utabishana nayo vipi?

Nililipwa, nikalipa deni, nikarudi kwangu Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, na pesa ya kununua sabuni.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa jirani, alikuwa anasoma kilimo pale UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Nilimsimulia nikiwa nacheka, ili nisilie. Yeye hakucheka. Akaniuliza: "Mama, mahindi makavu kabisa, yale ya ghalani, unafikiri hayana maji?" Yanayo. Mahindi yanayohifadhika vizuri bado yana maji kama asilimia 13. Hakuna anayenunua mahindi ya asilimia sufuri, hayo hayapo. Halafu akachora hesabu kwenye ukingo wa gazeti. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 80 za chakula chenyewe na kilo 20 za maji. Ukizikausha hadi 13, zile kilo 80 zinakuwa sehemu ya 87 kwa 100. Gawa 80 kwa 0.87: unapata kama kilo 92. Yaani haki yake ilikuwa kukata kilo 8. Alikata 20. Kilo 12 kwenye kila gunia la kilo 100 zilikuwa zangu na zimebaki kwake, na kwenye kila magunia kumi hiyo ni gunia zima na zaidi.

Anaweza kusema kukausha kuna gharama, kuna vibarua, kuna nafasi. Sawa, aitaje hiyo gharama peke yake na tuipatanie. Asiifiche ndani ya kimashine. Miaka imepita na mpaka leo nikipita barabara ile naangalia upande mwingine.

Basi hesabu hiyo iandikeni mahali. Mia toa unyevu uliosomwa, gawa kwa 87, zidisha kwa 100. Kimashine kikisoma 25, kilo zako 100 zitabaki kama 86. Kikisoma 17, zitabaki kama 95. Simu ya vitufe inatosha.

Sasa kuhusu soko, maana hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mavuno yakichelewa kwa ajili ya mvua, bei haishuki mwezi wa Aprili kama tulivyozoea. Bei ya meka ya unga, lile kopo la kupimia sokoni, inabaki juu, watu wa mjini wanalalamika, na wewe mkulima unafikiri Mungu amekukumbuka. Ngoja kidogo. Mwisho wa Mei jua linashika, asubuhi zinakuwa za baridi, hewa inakauka, na mahindi ya kila mtu yanakauka kwa pamoja. Kila mtu anapukuchua wiki zile zile, na kila mtu ana karo na deni la kulipa. Juu ya hapo mpaka wa Kasumbalesa nao unafunguka, malori ya Zambia yanaingia na mahindi na unga. Mji huu umekula mahindi ya ng'ambo ile tangu Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, ilipokuwa ikigawia wafanyakazi wake posho, hilo si jipya. Ukame wa Zambia wa 2024 uliwaangusha hadi kama tani milioni 1.5 za mahindi, wakafunga kuyauza nje, na hapa kwetu bukari, ugali wetu, ikawa chakula cha kuhesabia matonge. Mwaka uliofuata wakavuna zaidi ya tani milioni 3.6. Mkulima wa Kipushi asiyetazama ng'ambo ya mpaka anapanga bei yake akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo mwaka wa mvua unakupiga mara mbili: kwanza huna cha kuuza bei ikiwa juu, halafu unauza bei ikiwa imeanguka. Lakini katikati kuna mlango mdogo, na mimi mwaka huu nimepita humo.

Mlango wenyewe ni huu. Katika mwaka wa namna hii mjini kuna mahindi ya aina mbili, na kila moja lina bei yake. Mwenye mashine ya kusaga hataki mahindi mabichi. Yanaganda kwenye chujio, unga unatoka wa moto na mzito, anazima mashine, anapiga chujio na nyundo, foleni inanung'unika, mafuta yanaisha bure. Na unga wenyewe ukikaa siku chache kwenye mfuko unashikamana madonge na kuchachuka. Kwa hiyo mwenye mahindi makavu mapema, wakati wenzake bado wanauza yanayonata mkononi, hapangiwi bei na mtu. Nimewaona mwaka huu wenye mashine wa Katuba na wa Kenya, mtaa wa hapa mjini, wakinipigia simu wao. Mimi! Aliyekatwa kilo 20!

Nilifanyaje? Nilikausha. Ndiyo siri yote, na mtakaotaka siri nyingine mtanisamehe.

Nilifungua punje kwenye kitako nikaangalia ile alama nyeusi. Ikishatokea, mmea umemaliza kazi, hauongezi kitu tena kwenye punje. Mahindi yanayobaki shambani baada ya hapo yanangoja kukauka tu, na kwa mvua ya Aprili kila alasiri inarudisha ulichokausha asubuhi. Nikavunja masuke, nikayamenya maganda yote shambani, nikachagua yaliyooza na kuyatenga, mengine nikayapandisha kwenye kichanja. Kichanja nilikijenga kwa miti juu ya kichuguu, vile vichuguu vyetu vikubwa vinavyozidi nyumba, maana pale maji hayasimami na upepo unapita. Chembamba: upana usiozidi mita moja, na ukiweza sentimita 60 ni bora zaidi, kwa sababu kikiwa kinene masuke ya katikati yanaoza yakiwa yamekumbatiana. Ubavu mrefu nikauelekeza kusini-mashariki, huko unakotoka upepo wetu wa kiangazi. Paa la nyasi na turubai. Sikupukuchua mpaka yalipokauka, kwa sababu punje yenye maji inavunjika, na penye ufa ndipo ukungu unapoingilia.

Shemeji yangu, mdogo wa baba ya watoto, alikuja akanikuta nafunika na kufunua turubai. Akasema ninayalea mahindi kama mtoto mchanga. Yeye aliuza yake yote mabichi kwenye lile lori la kwanza, na alinionyesha noti. Sitaki kusema mengi kwa sababu anasoma hapa. Shemeji, salamu.

Kupima, kama huna kimashine: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Weka chumvi uliyoikausha juani au kwenye sufuria, tia na mahindi konzi mbili, funga, tikisa vizuri, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha kichanjani. Ikianguka chini yote, unakaribia. Na meno yako nayo yanajua: punje kavu inakatika kwa mlio, mbichi inabonyea.

Msianike kando ya lami. Nimeona mama zangu wanaanika njia ya Likasi malori ya madini yakipita kwa vumbi lake. Vumbi hilo linaingia kwenye bukari. Kausha kwako, juu ya turubai, lakini kausha. Na ile mifuko mipya isiyopitisha hewa ni mizuri sana dhidi ya wadudu, ila usiweke humo mahindi yenye unyevu ukifikiri mfuko utakausha. Hautakausha. Kausha kwanza.

Niseme na lingine, na hapa nitasema kama mama. Yale masuke ya ukungu niliyoyatenga, mtu alikuja kuniomba ayanunue, ati atapika munkoyo, kinywaji chetu cha kuchachusha, ati mengine ni ya kuku. Nilimkatalia. Ukungu una sumu, sumu kuvu, haiishi kwa kupika, haiishi kwa kuchachusha, na kuku na nguruwe nao haiwaachi. Nchi ya Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Juzi juzi, mwaka 2024, Zambia hapo jirani, mbwa zaidi ya 400 walikufa kwa chakula cha mahindi, na walipopima unga wa kampuni za kusaga wakaikuta sumu humo pia. Huo ni unga wa aina tunayonunua hapa kila siku. Tunakaa kanisani Jumapili tunaimba, na Jumatatu tunachanganya kopo moja la mahindi yenye ukungu wa kijani kwenye gunia zima tukisema hayataonekana. Yataonekana kwenye ini la mtoto wa mtu. Choma, fukia, meza hasara.

Wachuuzi wenzangu na ninyi msinune. Mnajua kwamba punje iliyolowa imevimba na haitelezi, kwa hiyo meka inajaa upesi. Mnanunua kwa kilo na kukatakata, halafu mnauza kwa meka bila kukata chochote. Mama anayelisha watoto sita ndiye anayelipia maji mara ya mwisho.

Kijana wangu wa Likasi, sasa jibu lako. Kama una deni la Bank Lambert, uza magunia ya kulimaliza hilo deni, hayo tu, na upige hesabu mbele ya mnunuzi kwa sauti, wengine wasikie. Mengine yatoe shambani kwenye masuke, yamenye, yapandishe kichanjani. Ukiweza kuwa na makavu kabla ya katikati ya Juni, uza sehemu kwa wenye mashine. Yakichelewa hapo, usikimbilie soko pamoja na kila mtu. Kama yamekauka kweli, yana uwezo wa kungoja hadi Agosti au Septemba meka inapoanza kupanda tena. Ngoja na mahindi makavu. Mabichi hayangojeki.

Na msimu ujao, kama shamba lako linashika maji, usipande mbegu ya siku nyingi mwishoni mwa Desemba halafu ulaumu Aprili. Panda na mvua za kwanza za Novemba.

Jambo la mwisho ni tangazo. Sisi mama wachache wa hapa Katuba tunachanga kwa likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa, kununua kimashine chetu cha kupima unyevu, kikae sokoni, kila mkulima apime mahindi yake kabla hajapeleka depo. Mwanachama anapima bure, mgeni atalipa kidogo. Nafasi bado zipo. Anayetaka kuingia aje sokoni asubuhi kabla ya jua kali, aulize wauza unga wa upande wa mashine za kusaga, na aje na mchango wa kwanza mkononi, siyo ahadi.