Gololi, mpira wa gofu na jedwali la ndege za stelthi

SWALI: Nimetumiwa jedwali linalolinganisha ndege za kivita za stelthi, yaani zilizoundwa kujificha na rada: F-22 na F-35 za Marekani, Su-57 ya Urusi na J-20 ya China. Linasema ukubwa wa mwangwi wa rada wa F-22 ni mita za mraba 0.0001, wa F-35 ni 0.0015 na wa Su-57 ni 0.5. Je, F-22 ni bora mara 5,000 kuliko Su-57? Na kwa nini nchi zinanunua F-35 yenye Mach 1.6, yaani mara 1.6 ya kasi ya sauti, wakati Su-57 inafika Mach 2? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Jedwali hilo nalijua. Hubadilishwa rangi, likazungushwa tena kwenye makundi ya WhatsApp, na kila likipita huacha swali hilihili nyuma yake. Kabla ya kugawanya 0.5 kwa 0.0001, uliza namba zenyewe zimezaliwa wapi.

Chukua mpira wa gofu. Kipenyo chake ni milimita 42.67. Piga hesabu ya eneo la duara lake, utapata mita za mraba 0.0014. Sasa chukua gololi ya milimita 11: utapata karibu 0.0001. Umeona? Wamarekani waliwahi kusema kwamba mbele ya rada F-22 ni kama gololi ya chuma na F-35 ni kama mpira wa gofu. Mtu akaichukua tamathali hiyo, akaipigia hesabu, akaiita kipimo. Vipimo halisi ni siri ya jeshi na havitawekwa kwenye jedwali la bure.

Ile 0.5 ya Su-57 ina ukoo mwingine kabisa. Hati ya hataza (haki ya uvumbuzi) ya Sukhoi, kampuni inayoiunda, inataja mwangwi wa wastani wa mita za mraba 0.1 hadi 1, ikilinganishwa na 10 hadi 15 za Su-27, ndege yao ya zamani isiyo ya stelthi. Zingatia neno wastani. Gololi ya Wamarekani ni pembe nzuri kuliko zote, ndege ikitazamwa uso kwa uso. Kuziweka namba hizo safu moja ni kulinganisha bei ya gunia na bei ya kibaba.

Na hapa ndipo uvumilivu huniishia: mwangwi wa rada hauna namba moja. Ndege ileile hurudisha mwangwi mdogo sana kwa mbele, mkubwa ubavuni, na mwingine tena kwa nyuma. Badilisha masafa ya mawimbi ya rada, ramani yote ya mwangwi inabadilika. Fungua mlango wa chumba cha makombora, inabadilika. Katika majaribio ya Have Blue, ndege ya kwanza ya Wamarekani ya kujaribia stelthi, miaka ya 1970, skrubu tatu zilizochomoza kwa milimita chache tu zilitosha kuiharibu ramani hiyo. Anayekuambia "mwangwi wa ndege hii ni kadhaa" bila kutaja pembe, masafa ya mawimbi na hali ya ndege hajakuambia kitu.

Lakini tuseme jedwali ni sahihi. Bado "mara 5,000" ni kosa, kwa sababu umbali ambao rada inaiona ndege hufuata kipeuo cha pili cha kipeuo cha pili cha mwangwi. Mwangwi ukipungua mara 16, umbali unapungua nusu tu. Mwangwi ukipungua mara 5,000, umbali unapungua mara 8.4. Rada inayoiona Su-57 kwa kilomita 150 ingeiona F-22 kwa kilomita 18 hivi. Na kama mwangwi wa F-22 ni mkubwa mara kumi kuliko jedwali linavyodai, umbali huo unapanda kuwa kilomita 32. Ni faida kubwa mno vitani, ila haifanani na uchawi unaouzwa kwenye video.

Ukitaka kulinganisha kwa macho yako, acha namba, tazama maumbo. Mifereji ya hewa ya F-22 imepindwa hadi uso wa injini hauonekani kwa mbele, na matundu yake ya moshi ni bapa. Su-57 ina matundu ya mviringo, mifereji yake haifichi injini kabisa, na mbele ya kioo cha rubani imechomoza kamera ya joto yenye umbo la tufe. Tufe hurudisha mwangwi kila upande. Warusi hawakukosea hesabu. Msingi wa sayansi hii uliwekwa na Mrusi, Pyotr Ufimtsev. Walichagua wepesi wa kugeuka na rada za ziada ubavuni badala ya kujificha pande zote. J-20 imetengenezwa kwa uangalifu mbele, ila mabawa yake madogo ya mbele yakicheza, na ukiitazama kwa nyuma, mambo ni tofauti.

Kuhusu kasi nitakuwa mfupi. Mach 2 ya jedwali hupatikana kwa afterbana, yaani mafuta ya ziada kumwagwa kwenye moshi wa injini, na matumizi hupanda mara tatu hadi nne. Ndege ya kizamani iliyobeba makombora na matangi nje haifiki hapo. F-35 hufika Mach 1.6 ikiwa na silaha zake tumboni. Isitoshe, kwa Mach 2 juu ya kilomita 11, ngozi ya pua na kingo za bawa hukaribia nyuzi 100, na kamera ya joto inaipenda sana hali hiyo. Matoleo ya F-35B na C yaliwekewa ukomo wa muda wa mwendo wa juu kabisa kwa sababu rangi ya mkiani iliharibika. Lenye uzito zaidi ni idadi: F-22 za vikosini ziliundwa 187 na utengenezaji ukakoma mwaka 2011, wakati F-35 zimepita 1,000. Hata hivyo, wakaguzi wa serikali ya Marekani, GAO, waliripoti kwamba Machi 2023 ni asilimia 55 tu ya F-35 zilizokuwa tayari kwa kazi. Safu hiyo jedwali lako halina.

Kuna kundi la pili linalonichosha kuliko la majedwali: wanaotangaza kwamba rada ya mawimbi marefu imeua stelthi. Hutaja F-117, ndege ya stelthi ya Marekani iliyoangushwa Serbia tarehe 27 Machi 1999. Kweli, rada ya P-18, yenye mawimbi ya karibu mita 2, ilisaidia kuigundua. Lakini wimbi la mita 2 kwenye antena ya mita 10 hutoa mwale wenye upana wa nyuzi 11 hivi. Kwa kilomita 100 huo ni upana wa kilomita 20. Unajua kuna mgeni mtaani, hujui amesimama mlango upi. Kombora lenyewe, la mtambo wa kutungulia ndege wa Kisovieti uitwao S-125, liliongozwa na rada nyingine ya mawimbi mafupi, tena ndege ikiwa imeshakaribia.

Na ukisikia nchi fulani imejisifu kwamba rada yake imeifuatilia F-35 ikitoka kwenye maonyesho, tafuta picha za ndege hiyo siku hiyo. Wakati wa amani hufungwa vinundu vidogo juu na chini ya mwili, viitwavyo lenzi za Luneburg, ambavyo kazi yake ni kukuza mwangwi ili waongozaji wa anga waione na ili mwangwi wake halisi usirekodiwe. Ukiviona pichani, kilichofuatiliwa ni vinundu.