Kupanga safari ya wateja kwenda Manaslu: siku, mitungi na saa ya kugeuka

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii mwenye leseni, ninafanya kazi Kilimanjaro kwa njia za Machame na Lemosho, na nina kampuni ndogo mjini Moshi. Wateja watano niliowahi kuwafikisha Uhuru wananiomba niwaandalie safari ya mlima unaozidi mita 8,000, na wamependekeza Manaslu, nchini Nepal, katika msimu wa Septemba. Wote wana afya nzuri, na wawili kati yao wamepanda Batian, kilele cha Mlima Kenya kinachopandwa kwa kamba. Je, zinahitajika siku ngapi, kila mtu awe na mitungi mingapi ya oksijeni, na je, ninaweza kuwaongoza mwenyewe hadi kileleni?

JIBU: Ndugu yangu, ni vizuri umeuliza kabla ya kupokea malipo ya awali, kwa sababu mengi nitakayosema yanagusa bei na mkataba kuliko yanavyogusa kamba na viatu. Kilimanjaro unauza ratiba: usiku wa kutoka Barafu, kambi ya mwisho, kuelekea kileleni unajulikana tangu siku mteja anapolipa, na ni nadra kuhama. Manaslu hakuna tarehe ya kilele unayoweza kuiuza. Unachouza ni muda wa kusubiri, hewa ya akiba na njia ya kushuka, na kampuni inayopanga bei bila kuyahesabu hayo hujikuta, katika siku za mwisho za msimu, ikichagua kati ya kupata hasara na kuwapandisha watu katika hali ya hewa isiyofaa.

Nianze na siku. Manaslu una mita 8,163 na ni wa nane kwa urefu duniani. Mvua za monsuni huwa bado zinaendelea mwanzoni mwa Septemba, na huku juu hushuka kama theluji nzito. Nafasi nzuri za kupanda kwa kawaida hupatikana kuanzia wiki ya mwisho ya mwezi huo hadi siku za mwanzo za Oktoba, kabla pepo kali za tabaka la juu hazijatawala vilele. Kwa hiyo mnatakiwa kuondoka Kathmandu mwishoni mwa Agosti na kutembea karibu wiki nzima kufuata bonde la mto Budhi Gandaki hadi kijiji cha Samagaon, kilicho kwenye mita 3,500 hivi. Ipo helikopta inayoweza kuwafikisha hapo asubuhi moja, na wateja wenye shughuli nyingi wataitaka. Mimi ningeikataa wakati wa kwenda, kwa sababu wiki ile ya kutembea ndiyo inayoanza kuuzoesha mwili mwinuko, na anayeiruka atalazimika kuilipa kwa kukaa muda mrefu zaidi kijijini.

Kambi kuu iko karibu mita 4,800. Tafakari maana yake: ni juu kuliko Barafu, mahali ambapo wateja wako walijinyoosha kwa saa chache tu na wengi hawakupata hata usingizi, na sasa wataishi hapo kwa wiki kadhaa. Kambi ya kwanza, kwenye mita 5,700 hivi, inakaribia kimo cha Uhuru, nao watalala hapo. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na uweke siku moja ya mapumziko kila baada ya siku tatu au nne. Kwa kuwa umbali kati ya kambi za Manaslu unazidi kipimo hicho, mlima haupandwi kwa mkupuo mmoja: mnapanda kulala kambi ya kwanza kisha mnarudi chini, mnapumzika, mnapanda tena kulala kambi ya pili kwenye mita 6,300 au zaidi kidogo, mnaigusa ya tatu karibu mita 6,800, mnashuka, na ndipo mnaanza kuvizia hali ya hewa. Ukihesabu safari ya kwenda, sherehe ya maombi iitwayo puja, ambayo Washerpa (wenyeji wanaofanya kazi ya kupandisha wateja) hawaanzi kupanda kabla ya kuifanya, mazoezi ya kamba, mizunguko hiyo miwili, mapumziko, safari ya kilele na kurudi, unapata siku 36 hivi. Ongeza 7 za kusubiri tu, ziwe 43, na gharama za siku hizo 7 zimo ndani ya bei tangu mwanzo, si nyongeza utakayoomba mkiwa kambini. Faida ya mwili waliyoipata Kilimanjaro usiihesabu hata kidogo. Hupotea ndani ya wiki chache baada ya kurudi tambarare.

Kuhusu mitungi, nakushauri usikubali jibu la jumla la wakala, bali ufanye hesabu mwenyewe. Asilimia ya oksijeni hewani haibadiliki, ni 21 hivi popote. Kinachoshuka ni shinikizo, ambalo kwenye Uhuru ni takriban nusu ya lile la pwani na kwenye kilele cha Manaslu ni zaidi kidogo ya theluthi. Mtungi unaotumika sana una ujazo wa lita 4 na hujazwa hadi baa 300 (baa ni kipimo cha shinikizo), yaani una lita 1,200 za gesi. Mteja wako akianza kuutumia anapotoka kambi ya tatu, kwa lita 2 kwa dakika, na safari ya kwenda kambi ya nne, iliyo karibu mita 7,400, ikamchukua saa 6, atakuwa ametumia lita 720. Akilala saa 8 kwa nusu lita kwa dakika, ni lita 240 nyingine. Mtungi wa kwanza umekwisha, au umebakiza kidogo kisichotegemewa.

Sasa siku ya kilele. Anatoka kambi ya nne saa 8 usiku na anapanda saa 8 kwa lita 3 kwa dakika, ambazo ni lita 1,440, kisha anashuka saa 4 kwa lita 2, yaani 480. Jumla ni 1,920. Akiwa na mitungi miwili, sawa na lita 2,400, amebakiwa na 480, na kwenye karatasi hesabu inaonekana imetulia. Lakini weka saa moja tu ya foleni kwenye kamba na akiba inashuka hadi 300. Weka saa mbili na inabaki 120. Mtu aliyechelewa hivyo huwa amechoka, na hashuki kwa saa 4 bali 6, kwa hiyo anahitaji lita 240 zaidi ambazo hanazo. Ndiyo maana mimi huhesabu mitungi minne kwa kila mteja, wa nne ukiwa umepandishwa mapema na kuachwa kambi ya nne, na ndiyo maana saa ya kugeuka haitokani na hisia za kiongozi. Kwa hesabu hii, saa 8 za kupanda na moja ya foleni, ni saa 5 asubuhi. Aliye popote ifikapo saa 5 anageuka, hata kama kilele anakiona, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba na kusainiwa na mteja mkiwa bado Moshi, ambako akili zake zina hewa ya kutosha.

Mitungi ikifika kambi kuu, pima kila mmoja wewe mwenyewe kwa kipimo cha shinikizo na uandike namba yake. Uliojazwa baa 300 katika joto la nyuzi 20 utasoma takriban 260 au pungufu ukipoa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na hapo hakuna aliyekuibia wala hakuna uvujaji. Ila unaosoma 200 mchana wa jua urudishwe. Ujaribu pia kila barakoa pamoja na kidhibiti chake, kwa maana kidhibiti kikiganda hata mitungi kumi haina faida, na uwe na seti za akiba zinazobebwa juu, siyo zinazobaki kwenye hema la stoo.

Mteja akikuuliza kama anaweza kupanda bila mitungi, mkatalie bila kumung'unya maneno. Mkenya Cheruiyot Kirui, mpandaji aliyejiandaa kwa miaka, alifariki karibu na kilele cha Everest mwezi Mei 2024 akijaribu bila oksijeni ya mitungi, na Nawang Sherpa aliyekuwa naye pia hakurudi. Uamuzi wa namna hiyo humgusa pia yule anayeandamana na mteja.

Hilo linanileta kwenye swali lako la mwisho. Kibali hakitolewi kwako bali hupitia kampuni ya Nepal iliyosajiliwa, na kanuni za huko zilizorekebishwa mwaka 2025 zinataka angalau mwongozaji mmoja au mfanyakazi mmoja wa mwinuko kwa kila wapandaji wawili katika milima inayozidi mita 8,000. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria. Kwa wateja wanaokwenda mara ya kwanza, panga Msherpa mmoja kwa kila mteja. Ukiweka mmoja kwa wawili, mteja wa kwanza akizidiwa, wa pili ama anashushwa akiwa na nguvu zake, na kelele utazisikia hadi kambi kuu, ama anaachwa aendelee peke yake, na hapo umevunja kila ulichoahidi.

Wewe binafsi, sikushauri uwe mwongozaji wao juu ya kambi ya pili. Sisemi hivyo kwa kudharau kazi ya Kilimanjaro. Wilfred Moshi, Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest, mwaka 2012, alitokea kwenye kazi hiyo hiyo. Lakini alipanda akiwa mpandaji, na wewe safari hii ni kiongozi. Ukipanda, unahitaji Msherpa wako, mitungi yako minne na kibali chako, na maamuzi yako utayatoa ukiwa na ubongo uliopungukiwa hewa kama wa wateja. Kaa kambi kuu ukiwa na redio, utabiri wa hali ya hewa na orodha ya mitungi, na uwe wewe ndiye mwenye neno la mwisho la kugeuka. Kama unataka kilele chako mwenyewe, na sioni kosa kukitaka, kitafute katika msimu mwingine.

Kuhusu malipo ya Washerpa, kuna desturi ya bonasi ya kilele, ambayo hulipwa mteja akifika. Ninaona ni desturi mbaya, kwa kuwa inamlipa mtu ili asigeuke. Andika kwamba bonasi inalipwa kamili kwa kazi ya kufikisha mizigo na mteja kambi ya nne, na iliyobaki ni shukrani ya mteja. Wewe uliyekaa na wagumu, wapagazi wa Kilimanjaro, unajua jinsi mpagazi anavyoficha kuumwa ili asikose siku ya malipo. Huku juu anayeficha kuumwa ni yule aliyeshika kamba ya mteja wako. Hakikisha pia umeona kwa macho yako hati ya bima yao, ikionyesha majina na tarehe.

Wateja wako hawajawa tayari, isipokuwa pengine wale wawili wa Batian, nao kwa upande wa kamba tu. Njia ya kawaida ya Kilimanjaro haimfundishi mtu kutembea kwa kramponi (meno ya chuma ya kwenye viatu), kupanda kwa jumari, kifaa cha kung'ang'ania kamba, kwenye kamba iliyofungwa, wala kubadili kamba akiwa na glovu nene gizani. Ningewapeleka kwanza Margherita, mita 5,109, kwenye Rwenzori, ambako barafu ipo na si mbali na nyumbani. Kisha kilele cha Nepal cha mita 6,000 na ushei kama Island Peak. Halafu, kwa anayeendelea vizuri, Himlung Himal wenye mita 7,126. Hiyo ni miaka miwili. Mteja asiyekubali miaka miwili amekupa taarifa muhimu kuhusu jinsi atakavyoipokea saa 5 asubuhi.

Hatari kubwa ya mlima huu ni maporomoko ya theluji. Alfajiri ya tarehe 23 Septemba 2012 yaliwafikia watu wakiwa wamelala kwenye mahema ya kambi ya tatu, na 11 walikufa. Kwa hiyo muulize wakala kambi hiyo anaipiga mahali gani hasa na kwa nini, na mkubaliane kwamba baada ya theluji nyingi hakuna anayepanda hadi mteremko utulie, hata kama timu jirani imeshaondoka. Siku zile 7 ndipo zinapotumika. Jambo jingine la mlima huu ni kilele chenyewe. Kwa miaka mingi wengi waliishia kwenye nundu iliyo kabla ya kilele halisi, na picha za droni za mwaka 2021 ziliweka tofauti hiyo wazi kwa kila mtu. Mkataba useme waziwazi kwamba kamba zitafika kilele halisi, na muda wa kipande hicho cha ziada uingie kwenye hesabu ya hewa.

Dalili za ugonjwa wa mwinuko unazijua na oksimita umeizoea, hivyo sitarefusha. Ongeza tu kipimo cha kumtembeza mteja kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole, kila jioni. Anayeyumba ashushwe usiku huo huo, na deksamethasoni kwa ajili ya ubongo iwepo pamoja na nifedipini kwa ajili ya mapafu, vikiwa na maelekezo yaliyoandikwa na daktari.

Ada ya kibali cha Manaslu katika msimu huo, dola 1,500 kwa mtu, ni sehemu ndogo ya bei. Everest katika majira ya kuchipua imepanda kutoka dola 11,000 hadi 15,000 tangu Septemba 2025, na hata huko si ada inayokula pesa bali watu, hewa na chakula. Soma bima ya kila mteja ukitafuta kikomo cha mwinuko, kwani nyingi huishia mita elfu kadhaa chini ya mnakokwenda, na mwombe wakala barua inayosema helikopta itaruka kwa dhamana ya nani kabla bima haijajibu simu. Barua hiyo ikichelewa kufika, usitume malipo ya awali.