Hita Inayoungua, Swichi za Simu na Feni ya Maji: Maswali ya Wasomaji

Hita ya shawa haimalizi mwaka

*Habari za kazi, wataalamu. Nimeshabadilisha hita ya shawa mara kadhaa, koili inaungua tu. Fundi anasema umeme wa mtaani kwetu ni mdogo, muuzaji anasema ni maji ya chumvi. Tena siku hizi nikishika bomba wakati wa kuoga linanitekenya mkono. Nani mkweli? — Mama Neema, Nkuhungu, Dodoma*

Mama Neema, tuanze na bomba, maana hilo halisubiri. Zima sakiti breka ya hita leo, na isiwashwe mpaka fundi apime waya wa ethi. Hita nyingi za bei nafuu zina koili tupu inayokaa ndani ya maji yenyewe. Maji yakiwa na chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi, na umeme huo hutafuta njia ya kwenda ardhini. Ethi ikiwepo na ikiwa nzima, utapita huko. Isipokuwepo, njia ni wewe. Dai pia breka ya uvujaji wa umeme, ile yenye kitufe cha majaribio, ya miliampea 30. Ikiwa inakatika kila ukifungua shawa, usikubali itolewe eti inasumbua. Inakwambia hita hiyo na maji hayo haviendani.

Sasa lawama. Umeme mdogo hauunguzi koili. Hita ya wati 5,500 kwa volti 230, umeme ukishuka hadi volti 190, inabaki na wati kama 3,750. Utaoga maji ya vuguvugu na kulalamika, lakini koili itakuwa imepumzika. Muuzaji amekaribia ukweli, ila amechanganya mambo mawili. Chumvi unayoionja mdomoni siyo inayoganda kwenye koili. Kazi yake ni kupitisha umeme na kula chuma. Kinachoganda ni kalsiamu na magnesiamu, ambazo maji mengi ya visima vya Dodoma yamejaa. Maji hayo yakipata moto, madini hujitenga na kuwa chokaa, ule utandu mweupe unaouona ndani ya birika.

Utandu huo huziba sehemu mbili: koili, na matundu ya sahani ya shawa. Watu hutazama koili na kusahau sahani, na hapo ndipo hita nyingi zinapofia. Matundu yakiziba, maji hupita kidogo, joto linakosa wa kulibeba, koili inakatika. Chukua mfano wa hita ya wati 3,500: maji yakipita lita 3 kwa dakika, hupanda nyuzi 17 hivi. Yakipita lita moja na nusu, hupanda mara mbili ya hapo, na maji yanayoingia asubuhi ya Julai yakiwa na nyuzi 18 yatatoka na zaidi ya 50. Ukiona unaanza kuungua na maji yanadondoka kama machozi, zima.

Kusafisha ni hivi. Zima breka, hakikisha kwa testa kuwa hakuna umeme, fungua sahani, toa mpira wa ndani na uuweke kando. Chukua asidi ya sitriki, ule unga mchachu wanaoutumia watengeneza juisi, gramu 50 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Loweka sahani na koili mpaka mapovu yaishe, kwa kawaida nusu saa hadi saa nzima. Siki nyeupe nayo inafaa, ila ni ya polepole. Usikwangue koili kwa kisu. Suuza, rudisha, kisha fungua maji kwanza mpaka yatoke sahani nzima ndipo uwashe breka. Koili ikiwashwa kavu huungua kwa sekunde, na nyingi za “hita mbovu toka dukani” zilikufa namna hiyo siku ya kufungwa. Kwa maji ya kwenu, sahani isafishwe kila mwezi, koili kila baada ya miezi mitatu.

Ukinunua nyingine, tafuta iliyoandikwa kwenye boksi kuwa ni ya maji ya chumvi. Koili yake imefunikwa kwa mrija wa chuma, haigusi maji. Ni ghali zaidi, na utandu utaupata vilevile, lakini kutekenywa kutakwisha, mradi ethi ipo. Hita ya wati 5,500 hula ampea 24: iwe na waya wake kutoka kwenye bodi, milimita 4 za mraba au 6 kama bafu liko mbali, na breka ya ampea 32. Isichomekwe kwenye soketi ya ampea 13 hata siku moja.

Swichi za simu, taa haizimi vizuri

*Shikamooni. Nimejenga Ilazo, nimeagiza swichi nne za kuwasha taa kwa simu. Fundi kasema nyumba haina nyutro kwenye swichi, akafunga hivyohivyo. Sasa taa zikizimwa zinabaki na mwanga hafifu, nyingine zinapepesa. Halafu bando likiisha swichi hazitii simu. Nimepigwa? — Kijana wa Ilazo*

Marahaba. Hujapigwa, umenunua kitu kilichofikiria nyumba ya aina nyingine. Kwenye nyumba zetu laivu, waya unaoleta umeme, hushuka mpaka swichi na kurudi juu kwenye taa; nyutro, waya wa kuurudisha, inakwenda moja kwa moja kwenye taa. Kwa swichi ya kawaida hiyo inatosha, kwa kuwa haili umeme. Swichi ya simu ina redio ndani inayokesha macho saa 24. Isipopata nyutro, inakula kwa kupitisha umeme kiduchu ndani ya taa yako. Globu za zamani za wati 60 zisingeonyesha chochote. Taa ya LED ya wati 5 inauona huo umeme kiduchu na kuwaka nusu.

Dawa ya haraka: boksi la swichi za aina hii mara nyingi huja na kapasita ndogo yenye waya mbili. Mafundi huitupa wakidhani ni ya ziada. Inafungwa kwenye taa, kati ya laivu na nyutro, si kwenye swichi. Kama saketi moja ina taa kadhaa, kapasita moja inatosha. Dawa ya kudumu: angalia kama bomba la waya lina nafasi, vuta nyutro ya milimita 1.5 mpaka kwenye swichi, kisha tumia swichi zinazodai nyutro. Bomba likiwa limejaa, weka rilei ndogo ya waifai, yaani swichi inayowashwa kwa amri bila kubonyezwa, juu kwenye taa, ambako nyutro ipo tayari, na ukutani ubaki na swichi ya kawaida.

Fundi akikwambia atumie ethi badala ya nyutro, msimamishe. Itafanya kazi, ndiyo maana wengi hufanya. Lakini waya huo ukikatika mahali, kila kilichofungwa ethi hiyo, friji na hita ikiwemo, kinaweza kupata umeme kwenye chuma chake cha nje.

Kuhusu bando: swichi nyingi za bei ndogo hupeleka amri yako kwenye seva, yaani kompyuta iliyo nje ya nchi, ndipo irudi sebuleni. Intaneti ikikatika, safari hiyo nayo inakatika, hata kama simu na swichi ziko chumba kimoja. Ukinunua tena, tafuta zinazokubali amri ndani ya ruta yako tu. Kiwango kinachoitwa Matter, kilichotoka 2022, kiliundwa vifaa viongee ndani kwa ndani hata visipotoka nje, na nembo yake huwekwa kwenye boksi. Halafu usiziunganishe na hotspoti ya simu, maana ukitoka nyumbani umeondoka na mtandao. Ziunganishe na ruta, kwenye masafa ya gigahezi 2.4, nyingi hazioni masafa ya 5, na hapo ndipo watu hukesha wakijaribu kuziunganisha.

Jambo moja dogo lililojificha kwenye mipangilio: hali ya swichi umeme ukirudi. Usiiache kwenye “washa”. Umeme ukikatika mchana na kurudi saa nane usiku, nyumba nzima itawaka. Weka “zima”.

Kama lengo lako lilikuwa taa za nje tu, ungeweza kuepuka yote haya. Sensa ya mwanga inawasha jua likizama na kuzima alfajiri, haijui bando ni nini.

Feni ya maji ni kweli au uongo?

*Ndugu yangu wa Dar es Salaam anasema feni ya maji ni upuuzi, jirani yangu hapa Kisasa anaisifu. Niongeze barafu? — Msomaji, Kisasa*

Wote wawili wako sawa, kila mmoja kwake. Feni ya maji hupoza kwa kukausha maji, na hewa yenye unyevu mwingi haikaushi. Alasiri ya Oktoba Dodoma, joto nyuzi 30 na unyevu hewani asilimia 30, feni nzuri hutoa hewa ya nyuzi 22 hivi. Pale Dar, nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, itakupunguzia kama nyuzi 3 na kukuachia chumba chenye jasho. Hata kwako, masika itakuwa na nafuu ndogo.

Iweke dirishani ivute hewa kavu ya nje, na ufungue dirisha la upande wa pili. Kuifungia ndani kama kiyoyozi ndiyo kosa linaloiharibia jina. Barafu usihangaike nayo: kilo moja ya maji ikikauka hubeba joto kama mara saba ya kilo moja ya barafu inayoyeyuka. Mwaga maji ya tenki lake kila wiki. Yanayokauka huacha madini yote nyuma, na pedi zinazoshika maji zikigeuka ngumu feni inabaki kupuliza vumbi.

Pampu ijizime yenyewe

*Maji yanakuja kwa zamu, yanaingia tenki la chini, napandisha juu kwa pampu ya nusu hosipawa. Nikisahau yanamwagika. Naweza kutumia zile swichi za simu? — Baba Asha, Chang'ombe*

Za taa, hapana. Mota wakati wa kuanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na rilei ya swichi ya taa hugandana ikiwa imewasha, yaani simu itakwambia pampu imezimwa nayo inaendelea. Ukitaka simu, swichi iwashe kontakta, swichi nzito inayohimili umeme wa mota, na kontakta ndiyo iwashe pampu.

Lakini kwanza funga floti mbili za umeme, yaani swichi zinazoelea majini, kwa mfuatano, zote kwenye laivu. Ya tenki la juu ikate maji yakijaa, ya chini ikate yakibaki sentimita 20 juu ya mdomo wa bomba la kuvuta. Hiyo ya chini ndiyo wengi huiacha kubana matumizi, na pampu inayozunguka bila maji huunguza sili yake, kinachozuia maji kuvuja, kabla hujatoka kuchungulia. Floti ina waya tatu na rangi hazifanani kwa kila mtengenezaji: pima kwa mita, floti ikiwa imeinuliwa kisha ikiwa imening'inia, ujue jozi ipi inakata wapi kabla ya kuizamisha. Jozi ikibadilishwa kwenye tenki la juu, pampu itawaka likijaa na kuzima likiwa tupu.