Maswali na Majibu: Fundi anataka kufuta partisheni "zisizo na kazi" ili simu ipate nafasi

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Simu yangu ya Android ina prosesa ya MediaTek na hifadhi ya GB 32, ila za kutumia naona GB 23 tu. Siku hizi inaganda, na nikifuta picha, nikizima simu na kuiwasha, picha zimerudi. Fundi anasema kuna partisheni (vipande vya hifadhi) nyingi ndogo zisizo na kazi: atazifuta, ataongeza sehemu ya data, kisha atafomati yote kuondoa "bad sector" (sehemu mbovu za hifadhi). Simu niliiruti (niliifungulia mamlaka yote ya mfumo) mwaka jana, na kompyuta yangu ni ya Linux. Nimpe fundi, au nifanye mwenyewe kwa parted, programu ya kugawa hifadhi?

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Na wewe mwenyewe iweke parted pembeni kwanza.

Tuanze na GB "zilizopotea", maana ndizo zinazowalisha mafundi wa aina hiyo. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja. Programu nyingi zinahesabu baiti 1,073,741,824. Kwa hesabu hiyo GB 32 zako ni 29.8 kabla hujaweka hata wimbo mmoja. Nyingine zimekaliwa na Android yenyewe. Sasa fungua adb shell (njia ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta), andika ls -l /dev/block/by-name, halafu linganisha na /proc/partitions. Zile ndogo anazozitolea macho ni nvram, nvdata, proinfo, protect1, protect2. Zijumlishe. Kwa kawaida hazifiki hata MB 200. Hiyo ndiyo nafasi anayokwenda kukuletea!

Na humo ndani ndimo zilimo IMEI (namba ya utambulisho wa simu), anwani ya Wi-Fi na vipimo vya redio vilivyowekwa simu ikiwa kiwandani. Simu zilizopita mikononi mwa hao nazitambua mapema: ukifungua orodha ya Wi-Fi, juu kabisa kuna mtandao wa ajabu unaoitwa "NVRAM WARNING: Err = 0x10". Ukipiga *#06# hupati kitu, au unapata namba batili. Mara nyingi chanzo ni kitufe kimoja cha SP Flash Tool (programu ya kuandika upya simu za MediaTek), "Format All + Download", ambacho wengine hukibonyeza kwa kila ugonjwa, hata simu iliyoletwa kwa kusahau patani. Baada ya hapo fundi anakuandikia IMEI ya simu nyingine, anakuambia imepona. Haijapona. Vile vipimo vya redio havirudi kwa kuandika namba, kwa hiyo mtandao unaweza kubaki dhaifu moja kwa moja. Kwa Tanzania kuna la ziada: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu zenye IMEI bandia Juni 2016, na kuchezea namba hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Atakayeulizwa ni mwenye simu.

Kuhusu kupunguza system (partisheni ya Android yenyewe) ili kuongeza data: kama simu ilitoka kiwandani na Android 10 au zaidi, system, vendor na product kwa kawaida zimo ndani ya partisheni moja inayoitwa super. Parted inaona super tu, haioni kilichomo. Ukiikata bila kugusa jedwali lake la ndani, jiandae kuitazama logo tu, simu haitawaka kupita hapo.

Kama ni simu ya zamani yenye ext4 (aina ya mfumo wa faili) inawezekana, ila kwa mpangilio. Kupunguza: e2fsck -f (kukagua mfumo wa faili), kisha resize2fs (kubadili ukubwa wake), mwisho ndiyo parted. Kupanua ni kinyume: partisheni kwanza, mfumo wa faili baadaye. Fanya haya ukiwa recovery (hali ya matengenezo ya simu), data ikiwa haijapachikwa (haijaunganishwa na mfumo). Hata hivyo kuna jambo mafundi hawalisemi: userdata, yaani partisheni ya data, kwa kawaida iko mwisho wa hifadhi, na nafasi uliyoikata kwenye system iko mbele yake. Resize2fs hupanua kuelekea mwisho tu, hairudi nyuma. Maana yake utaifuta data yote na kuiumba upya, kwa faida ya MB mia kadhaa.

Lakini kwako wewe hayo yote ni pembeni. Dalili iliyonishtua ni picha zinazorudi. Hakikisha kwanza kwamba si akaunti ya mtandaoni inayozirudisha: andika touch /data/local/tmp/jaribio, kisha sync, washa upya, utazame kama faili lipo. Kama halipo, eMMC (chipu ya hifadhi) haikubali tena kuandikwa. Soma /sys/block/mmcblk0/device/life_time, utaona namba mbili. 0x01 ni chipu ambayo haijamaliza hata asilimia 10 ya umri wake, 0x0b imeshapitiliza. Jirani yake kuna pre_eol_info: 0x01 ni salama, 0x03 ni hatari.

Chipu iliyofika huko haitibiwi kwa partisheni. Bloku mbovu huzihamisha yenyewe ndani kwa ndani. Namba za sekta unazoziona kwenye kompyuta si mahali halisi. Akiba yake ya bloku ikiisha, imeisha. Anayekuambia atarekebisha "bad sector" kwa kufomati anafomati kitu kisichokubali kuandikwa, kisha anakutoza.

Dawa ni kubadilisha IC ya memori (hiyo chipu ya eMMC), kazi ya mwenye mashine ya hewa moto na mkono uliotulia. Kabla ya hapo, leo, wakati chipu bado inasomeka, chukua kwa dd (amri ya kunakili partisheni nzima) nakala ya nvram, nvdata, proinfo, protect1 na protect2, uzipeleke moja kwa moja kwenye kompyuta kwa adb exec-out. Usizihifadhi ndani ya simu, haitaziandika. Picha nazo zivute kwa adb pull.

Ukifika kwa fundi wa kubadilisha IC, muulize atairudishaje nvram yako kwenye chipu mpya. Akikujibu kwamba IMEI "ataandika tu", chukua simu yako.